Yungiyungi Jeupe Haliogopi Tope



Mwezi huu twataka kusema juu ya maua ya altare. Twajua wako watakaocheka na kusema: “Mkatekista ameishiwa na mafundisho, sasa ahubiri maua.” Wacheke, si kitu, ila wasilitupe gazeti kabla ya kufika mwisho. Maana sisi tulianza na maua, tukajikuta tunasema juu ya watu.

Habari yenyewe ni hii. Jumapili moja ya mwezi wa Mei, mwezi wa Mama yetu Bikira Maria, watoto wa katekisimu wa parokia yetu hapa Lubumbashi waliamka gizani. Walishuka hadi dembo lililo nyuma ya mtaa, wakavua viatu, wakaingia majini hadi magotini, katika baridi ile ya mwanzo wa kiangazi tunayoijua sote, wakachuma mayungiyungi meupe kumi na mawili. Waliyaleta kanisani ndani ya beseni la maji, yamefunguka vizuri, wakayaweka mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Tuliyaona wenyewe kabla ya Misa ya kwanza, tukafurahi.

Tulipoingia kwa Misa ya pili, saa nne, beseni halikuwapo. Mahali pake palisimama maua ya plastiki, marefu, meupe, yaliyonunuliwa sokoni, na vumbi la mwaka jana li juu yake. Beseni la watoto tulilikuta nyuma ya sakristia, karibu na takataka.

Tulimwuliza mama mmoja mwenye kazi ya kupamba kanisa, mtu wa sala, ambaye twamheshimu: “Mama, maua ya watoto yamekosa nini?” Akajibu kwa upole: “Mwanangu, yale ni maua ya matope. Tena tazama, yamekwisha kufunga, yamekufa. Na wazee wetu walisema maua ya maji ni ya Mamba Muntu, si ya Maria.” Kisha akashusha sauti: “Na yule msichana aliyewaongoza watoto, si wamjua alivyo?”

Hoja nne, basi. Tutazijibu moja moja, na ile ya nne tutaiweka mwisho, maana hiyo ndiyo iliyozizaa nyingine zote.

Kwanza, tope. Ni kweli yungiyungi latia mizizi katika tope jeusi, zito, mahali ambapo hewa haifiki. Lakini tazameni Mwenyezi Mungu alivyoliumba. Jani lake limelala juu ya maji, nalo limepakwa kitu kama nta, hata matone ya mvua hukimbia juu yake wala hayaliloweshi. Bua lake si kijiti kitupu. Likate, nawe utaona ndani matundu marefu kama mirija. Kwa mirija hiyo hewa hushuka kutoka majanini hadi shina lililozikwa topeni, nalo likapata kuishi pale ambapo mimea mingi ingekufa. Basi ua hili halilikimbii tope, wala halilitukani. Lapokea chakula kutoka chini, nalo lapeleka pumzi chini. Tena katika nchi nyingi za Afrika watu huchimba shina lake na kukusanya mbegu zake, wakazipika na kula, hasa wakati wa njaa. Ua lililowalisha wenye njaa, je, ni chafu mno kusimama karibu na Mkate wa uzima?

Ua la plastiki halijui tope, twakubali. Lakini halijui maji pia, wala halijui jua, wala halijui kufa. Halikumgharimu mtoto usingizi wake. Ni safi kwa sababu haliishi. Na wenye kudhani kwamba Kanisa lapenda vitu vya namna hiyo, wasome Maelekezo ya Misali ya Roma. Namba 292 yataka mapambo ya kanisa yawe na ukweli na uzuri usio na makuu. Namba 305 yataka maua yatumike kwa kiasi, nayo yawekwe kando ya altare kuliko juu yake. Wapi pameandikwa kwamba kitu cha kiwandani chapita kile alichokiumba Mungu? Sisi hatukupaona.

Pili, kufunga. Hapa mama yetu alihukumu kabla ya saa. Yungiyungi jeupe la nchi zetu lina desturi yake: lafunguka jioni, lakesha wazi usiku kucha, na asubuhi, jua likipanda, lafunga. Jioni lafunguka tena, hivyo kwa siku chache, mpaka kazi yake imekwisha. Lile la rangi ya buluu, ndugu yake, ndilo lifanyalo kazi mchana. Saa nne tuliliona jeupe limefunga, tukasema limekufa. Lilikuwa limelala tu, limechoka kwa kukesha.

Jioni ile watu walipokuja kwa Rozari, tulizunguka nyuma ya sakristia kulitazama beseni. Maua yote kumi na mawili yalikuwa wazi, meupe, karibu na maganda ya mihogo na karatasi zilizotupwa. Hakuna aliyeyaona isipokuwa sisi na mlinzi. Wapendwa, tuliona haya. Ni mara ngapi tumemtazama mtu katika saa yake mbaya, tukaandika jina lake pamoja na wafu, na Mungu alijua kwamba jioni yake haijafika?

Tatu, Mamba Muntu. Nani katika Katanga hamjui? Miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa miji yetu walimchora na kumwuza, akatundikwa ukutani katika nyumba nyingi: juu mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu, chini samaki, ameketi kando ya maji. Wasema kwamba apataye unywele wake atapewa utajiri, lakini atalipa kwa namna atakayoijutia. Hatuwadharau wazee waliosimulia hayo. Ndani yake mna onyo jema juu ya mali isiyotoka jasho, na mji wetu wa shaba wahitaji onyo hilo leo kuliko jana. Lakini onyo ni jambo moja, na kumgawia Mamba Muntu maji ya Mungu ni jambo jingine. Sisi tulibatizwa kwa maji. Roho wa Mungu alikuwa juu ya maji kabla hayajakuwako masimulizi ya mtu yeyote. Mkristu anayempa Mamba Muntu dembo zima pamoja na maua yake amesahau ubatizo wake.

Na kama kila ua lililopewa maana na watu wengine ni haramu kwetu, tutabaki na ua gani? Wamisri wa kale waliyachonga mayungiyungi juu ya nguzo za mahekalu yao, kwa sababu waliliona ua likizama na kuinuka katika maji ya Nile, wakafikiri juu ya jua na juu ya uzima mpya. Nchi ya Bangladesh, ambayo watu wake wengi ni Waislamu, imeliweka yungiyungi katika nembo ya taifa. Je, ua limekuwa la Farao? Limekuwa la Waislamu? Ua ni la Yule aliyeliumba, na kila taifa hulitazama na kusoma ndani yake lile linaloweza kusoma.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ua lile jeupe lililo mkononi mwa Mtakatifu Yosefu katika sanamu zetu si ua la nchi yetu. Ni ua la bustani, asili yake ni nchi za kando ya bahari ya Mediteranea. Mapadri wa Don Bosco walipofika hapa mwaka 1911, na wamisionari wengine wa wakati ule, waliyakuta maua ya hapa, wakaja na sanamu za kwao. Hatuwalaumu, kila mtu husali kwa maua ya mama yake. Lakini watafsiri wa Maandiko Matakatifu walipotafuta neno la Kiswahili kwa ua lile la Wimbo Ulio Bora, wengine waliandika nyinyoro, na wengine waliandika yungiyungi. Yaani waliliita kwa jina la ua la maji, hili hili la dembo letu. Twasoma jina lake katika Misa, kisha twalitupa lenyewe nyuma ya sakristia. Hiyo ni akili gani?

Sasa tufike kwenye hoja ya nne, iliyosemwa kwa sauti ya chini.

Msichana yule alizaa akiwa na miaka kumi na saba. Hilo ni kweli, naye mwenyewe hakulificha. Aliondolewa katika chama kimoja cha parokia, akaambiwa akae nyuma, akakaa nyuma. Baadaye, bila kuombwa na mtu, akaanza kuwasaidia watoto wadogo kujifunza sala, nje, chini ya mwembe. Yeye ndiye aliyewaambia: “Twende tumletee Maria maua.” Na baba wa mtoto? Kijana huyo twamjua sote. Aimba katika kwaya, mstari wa kwanza. Siku za sikukuu kubwa yeye ni mmoja wa wanne wanaobeba sanamu. Hakuna aliyeshusha sauti kwa ajili yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu!

Watatujibu: “Basi Mkatekista ataka kusifu dhambi? Usafi wa moyo si kitu tena?” Twajibu: sivyo. Dhambi ni dhambi, na amri ya sita twaifundisha kila mwaka kwa watoto wote. Lakini Mungu hakuitoa kwa wanawake peke yao. Tena inueni macho mtazame sanamu na picha za watakatifu. Ni nani aliyelishika ua jeupe la usafi? Mtakatifu Yosefu: mwanamume, seremala. Mtakatifu Antoni wa Padua: mwanamume. Mtakatifu Dominiko: mwanamume. Mtakatifu Aloisi Gonzaga, aliyekufa Roma mwaka 1591 akiwa na miaka 23 tu, baada ya kuambukizwa ugonjwa alipowahudumia wagonjwa wa tauni: kijana mwanamume. Kanisa limeliweka ua hilo katika mikono ya wanaume mbele ya macho yetu kwa mamia ya miaka, na sisi tumefaulu kufikiri kwamba ni mzigo wa wasichana!

Na mtazameni tena huyo Aloisi. Hakuutunza usafi wake kwa kujifungia asiguse kitu. Alishika miili ya wagonjwa, ikamgharimu maisha. Weupe wake ulikuwa wa yungiyungi, uliotiwa mizizi mahali ambapo wengine walikimbia.

Zamani huko Ulaya walikuwako watu waliodhani kwamba mzizi wa yungiyungi jeupe, ukisagwa na kunywewa, huzima tamaa za mwili. Plinius, mwandishi Mroma wa karne ya kwanza, aliandika hivyo, na dawa hiyo ilitumika hata katika nyumba za watawa. Kama usafi wa moyo ungekuwa dawa ya kikombe, tungeiuza mlangoni pa kanisa. Lakini usafi ni neema ya Mungu na nia ya mtu, kila siku. Wala hauzaliwi na aibu tuwatiayo wengine. Aibu huzaa uongo, na wasichana waongo, na mimba zinazofichwa, na vifo ambavyo twavililia makaburini bila kusema sababu.

Someni Injili ya Yoane, mlango wa nane. Walimleta mwanamke aliyefumaniwa. Torati iliwahukumu wote wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume alikuwa wapi? Labda alikuwa katika kwaya ya sinagogi. Someni pia mlango wa kwanza wa Mateo, ule ambao tukiusoma kanisani watu husinzia kwa wingi wa majina. Wamo Tamari, na Rahabu, na Ruthu, na mke wa Uria. Mateo angaliweza kuyaficha majina hayo, hakuyaficha. Bwana wetu Yezu Kristu alitaka mizizi yake ionekane.

Watatuambia tena: “Twamtaja Mwenye Heri Anuarite ili wasichana waige mfano wake.” Vema sana. Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro, tarehe 1 Desemba 1964, kwa sababu alikataa kutumiwa na mkubwa wa askari, naye alimsamehe aliyekuwa akimwua. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa mwaka 1985. Lakini wapendwa, habari hiyo yamshtaki nani? Yamshtaki mwanamume mwenye nguvu aliyedhani kwamba mwili wa mwanamke ni mali yake. Basi Anuarite ahubiriwe kwa wavulana kwanza! Wasichana wamekwisha kumsikia.

Na usafi si jambo la mwili tu. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Alifanya kazi ya kukagua vyakula vinavyopita mpakani. Alikataa hongo ili vyakula vilivyoharibika visiingie na kuwadhuru watu, wakamwua mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Twajua katika nchi yetu ofisi ya namna hiyo ni tope la aina gani. Hakukimbia ofisi, hakulichukua tope lake. Mnataka yungiyungi jeupe la Kongo? Hilo hapo, na ni mwanamume, na usafi wake ulikuwa wa mkono uliokataa fedha.

Twasema hayo tukijua mji tulio ndani yake. Lubumbashi ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tanuru likaanza kuyeyusha mwaka 1911. Watu wamekula kwa shaba, wamesoma kwa shaba, na makanisa yetu yamejengwa kwa mishahara ya shaba. Lakini mwaka 2009 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na madini mengine mwilini kupita kiasi. Mwezi wa Novemba 2025 maji machafu ya kiwanda yalimwagika katika mitaa ya mji wetu, hata serikali ikasimamisha kazi ya kiwanda hicho. Hapo ndipo lilipo tope lenye kuua, nalo halitoki kwa msichana wa miaka kumi na saba. Yungiyungi lavumilia tope la Mungu, maana tope hilo ni majani yaliyooza na udongo. Maji ya asidi ni jambo jingine. Na madembo yetu yazidi kujazwa takataka na kujengwa nyumba. Papa Fransisko aliandika mwaka 2015, katika barua yake *Laudato si’*, kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja. Siku dembo letu litakapokauka au kutiwa sumu, hatutakuwa na haja tena ya kubishana. Litabaki lile ua la plastiki, na vumbi lake.

Basi twaomba mambo matatu, na twayaomba kwa majina yetu ya ubatizo, si kwa hasira.

La kwanza: maua ya watoto yarudi mbele ya sanamu ya Maria. Yakifunga saa nne, yaache yafunge. Mwacheni Padri aeleze kwa nini. Mafundisho mazuri kuliko hayo hatujui.

La pili: chama chochote kikitaka kumwadhibu msichana aliyezaa, kimwite na mvulana siku ile ile, kwa barua ile ile, kwenye kiti kile kile. Wasipoweza kumwita mvulana, wasimwite msichana. Na baada ya kitubio, wote wawili warudi. Mungu akiisha kusamehe, ni nani aliyempa mwenyekiti wa chama kufuli ya pili? Walegio wa Maria wanajua historia yao: chama chao kilianza Dublin mwaka 1921, na mwaka uliofuata wakafungua nyumba ya kuwapokea wanawake waliokuwa wakijiuza barabarani. Hawakuanza na walio safi.

La tatu: kila jumuiya itazame maji yaliyo karibu nayo, kijito, kisima, dembo, na kuuliza ni nani anayetupa nini ndani yake. Kama ni sisi, tuache. Kama ni wenye nguvu, tuseme kwa umoja, maana mtu mmoja akisema hunyamazishwa.

Mama yetu mpambaji tulizungumza naye tena baada ya siku chache. Hakukasirika. Alisema atafikiri. Twamwamini, kwa sababu ni mtu wa sala, na mtu wa sala hawezi kufunga milele. Ila msichana yule hajarudi. Alisikia maneno yaliyosemwa, kama wanavyosikia siku zote wale tunaowasema kwa sauti ya chini. Chini ya mwembe watoto wamekaa Jumamosi mbili bila mwalimu, nao wametuuliza: “Yaya yuko wapi?” Tumeshindwa kuwajibu.

Kama wewe unayesoma wajua nyumba yake, usimpelekee gazeti hili. Nenda mwenyewe, piga hodi, mwambie watoto wanamngoja.